Roli za mdalasini za nyumbani: ukande leo, ulaze usiku kucha, au utumie beking pauda?

Mdogo wangu alinipigia simu Ijumaa moja baada ya isha. Wageni wa mumewe walikuwa wanafika kesho yake saa nne asubuhi, naye alishawaahidi roli za mdalasini zenye krimu juu. "Dada," akaniuliza, "nikande sasa hivi, niamke alfajiri, au nifanye zile za haraka zisizo na hamira?" Kabla ya kumjibu nilimuuliza mambo mawili: mnakula saa ngapi hasa, na umeme wa huko ukoje wiki hii?

Roli hizi nimezioka miaka mingi, kwanza kwenye sufuria na makaa, sasa kwenye oveni ya gesi. Karibu kila anayeniuliza hukwama palepale alipokwama mdogo wangu. Resipi zimejaa tele, lakini resipi haijui wewe unaamka saa ngapi wala jikoni kwako kuna joto kiasi gani. Njia zote tatu zinatoa roli nzuri. Nitazipima kwa mambo yaleyale, kisha uchague kwa kuanzia saa ya kula na kuhesabu kurudi nyuma.

## Mambo ya kupima

La kwanza ni muda, na hapa tenganisha muda wa saa na muda wa mikono. Donge likiwa linaumuka unaweza kufua, kwenda sokoni, hata kulala. Dakika unazokanda na kusukuma ni lazima uwepo.

La pili ni joto la mahali pamoja na umeme. Hamira ni kitu hai, inafanya kazi upesi penye joto na polepole penye baridi. Resipi nyingi tunazozisoma zimeandikwa na watu wenye jikoni la nyuzi 20 au 21. Ukiifuata saa yao ukiwa Tanga mwezi wa Februari, donge litakupita. Ukiifuata ukiwa Njombe mwezi wa Julai, utaoka mawe.

Mengine ni ladha na ulaini (siku hiyo na siku ya pili), vifaa na gharama, na mwisho kabisa, kama njia hiyo inakusamehe ukikosea.

## Kisichobadilika: mjazo wa ndani

Kwa njia zote tatu mjazo ni mmoja. Kwa roli 12 natumia siagi laini gramu 80, sukari ya kahawia gramu 150, mdalasini wa unga vijiko viwili vya mezani, na chumvi chembe. Sukari guru iliyoparuzwa inafaa sana badala ya sukari ya kahawia, inaleta ladha nzito ya kuungua kidogo ambayo mimi naipenda kuliko ile ya dukani.

Mdalasini wenyewe utazame kabla hujanunua. Magome mazito, magumu, yaliyojikunja mkunjo mmoja mnene ni kasia, na ladha yake ni kali. Magome membamba yanayovunjika kwa vidole, yenye tabaka nyingi kama karatasi iliyoviringishwa, ndiyo mdalasini wenye asili ya Sri Lanka, uleule unaolimwa kwenye mashamba ya viungo Unguja. Huo ni mpole, mtamu, wenye harufu ya maua kwa mbali. Ukitumia huu mpole ongeza nusu kijiko, maana krimu ya juu huufunika. Na mdalasini ukae kwenye mjazo, usiuchanganye kwa wingi ndani ya donge. Mafuta yake huidhoofisha hamira, na donge linabaki limenuna.

## Njia ya kwanza: hamira, kukanda na kuoka siku hiyohiyo

Unga wa ngano gramu 500 (vikombe vinne), maziwa vuguvugu mililita 250, yai moja, siagi laini gramu 75, sukari gramu 75, hamira kavu gramu 7, chumvi kijiko kimoja cha chai. Wa pwani wanaweza kuweka tui zito badala ya maziwa na kupunguza siagi hadi gramu 40. Anayejua kukanda mahamri tayari anajua nusu ya kazi hii.

Muda. Kukanda kwa mkono dakika 10 hadi 12. Kuumuka mara ya kwanza, Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, dakika 40 hadi 50. Kusukuma, kupaka, kuviringisha na kukata, dakika 20. Kuumuka mara ya pili dakika 30. Kuoka dakika 22 hadi 25 kwa nyuzi 180. Jumla, ukihesabu na kupima viungo na kusubiri zipoe kidogo, ni kama saa mbili na nusu hadi tatu. Nyanda za juu, Limuru au Makete, kuumuka kwa kwanza peke yake kunaweza kumaliza saa mbili, na jumla ikafika saa tano. Kwa hiyo roli za saa nne asubuhi zinaanza kukandwa saa moja pwani, na saa kumi na moja alfajiri kule kwenye baridi. Wengine wanaweza. Mimi siku hizi siwezi.

Joto. Hapa usiangalie saa, angalia donge. Chovya kidole kwenye unga mkavu, bonyeza donge hadi pingili ya kwanza, toa. Shimo likifumba haraka, bado. Likirudi taratibu na kubakisha kishimo, tayari. Donge likizama lote na kutoa pumzi, limepitiliza. Pwani kuna taabu nyingine ambayo resipi za ugenini hazitaji: siagi ya mjazo huyeyuka roli zikiwa bado zinaumuka, inachuruzika chini ya trei, na ukioka unakuta ndani pakavu na chini pamekuwa peremende. Dawa yake ni kuchanganya kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa mahindi kwenye sukari ya mjazo, na kuziweka roli mbali na jiko wakati wa kuumuka mara ya pili.

Ladha na ulaini. Zikitoka jikoni hakuna za kuzishinda. Ukivuta roli moja kutoka kwenye trei inaachana na jirani yake kwa nyuzi ndefu, na ile ya katikati kabisa, isiyo na ukoko upande wowote, ndiyo laini kuliko zote. Siku ya pili zinaanza kukauka. Ukitaka zikae laini siku mbili au tatu, tumia mbinu ya waokaji wa Japani na China: kwenye unga na maziwa yaleyale, chukua gramu 25 za unga na mililita 125 za maziwa, pika uji mzito huku ukikoroga, acha upoe, kisha uutie kwenye donge. Wanga ukipikwa hufyonza maji na kuyashika, na mkate unachelewa kukauka. Ni dakika 5 za ziada, na kwangu hazijawahi kuwa hasara.

Vifaa na gharama. Friji haihitajiki. Oveni nayo si lazima. Njia hii ndiyo inayofaa zaidi kwa sufuria na makaa: weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, kigae au mawe matatu juu yake, trei ndogo ya roli hapo, funika, kisha makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Donge la hamira linavumilia moto usio sawa. Baada ya dakika 25 chungulia, na zungusha trei kama upande mmoja umetangulia.

Makosa. Maziwa ya moto huua hamira, ikifika nyuzi 55 hadi 60 imekwisha. Kidole kikae kwenye maziwa bila kuona moto wala baridi. Kosa linaloharibu roli nyingi zaidi, lakini, ni kuongeza unga kwa sababu donge linanata. Liache linate. Paka mafuta mikononi, kanda dakika nyingine 5, litajikusanya lenyewe.

Inamfaa mwenye asubuhi au mchana mzima nyumbani, asiye na friji au asiyeuamini umeme wake, na anayetaka roli ziliwe zote siku hiyo.

## Njia ya pili: hamira, roli zilale kwenye friji

Vipimo ni vilevile, ila hamira ishuke hadi gramu 5, na pwani tumia maziwa ya baridi badala ya vuguvugu. Unakanda, unaacha liumuke mara moja, unasukuma, unakata, unapanga kwenye trei, unafunika vizuri na kuingiza friji palepale. Usisubiri ziumuke mara ya pili nje. Trei huchukua karibu saa nzima kupoa hadi ndani, na muda huo wote roli zinaendelea kukua.

Muda. Mikono inafanya kazi kama ya njia ya kwanza, tofauti ni kwamba kazi imegawanywa. Anza saa mbili usiku, saa nne kasorobo trei iko ndani na vyombo vimeoshwa. Zinaweza kulala saa 8 hadi 16. Asubuhi unazitoa, unaziacha zipoteze baridi na kuvimba, dakika 45 hadi saa moja pwani, saa moja na nusu au zaidi kwenye baridi, kisha unaoka dakika 25 hadi 28. Kwa wageni wa saa nne, unazitoa saa mbili na robo ukiwa pwani.

Joto na umeme. Kwa sisi wa pwani, baridi ya friji ni msaada mkubwa kuliko tunavyodhani. Siagi inabaki mahali pake ndani ya mkunjo, na roli zinatoka na mizunguko inayoonekana. Upande wa pili ni umeme. Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi wake kama saa 4 umeme ukikatika, kwa hiyo katizo fupi halina neno. Mimi iliwahi kunikuta usiku mzima. Niliamka nikakuta roli zimepanda hadi zimeinua foili, zimebanana, na friji yote inanukia pombe. Hazikuwa za kuoka tena, zingezama. Nilizikusanya zote pamoja na mjazo wake, nikaongeza unga kidogo, nikakanda upya na kukaanga maandazi. Watoto walifurahi, ila nilikuwa nimeahidi roli.

Ladha na ulaini. Hapa ndipo njia hii inapojitetea. Kwenye nyuzi 4 hamira haifi, inakwenda mwendo wa kobe, na katika mwendo huo donge linapata harufu ya mkate wa kweli, ile ambayo saa moja ya joto haiwezi kuitoa. Utamu haujai mdomoni peke yake. Siku ya pili zinakauka kama zile za kwanza, na mbinu ya uji inafanya kazi hapa pia.

Vifaa na gharama. Viungo ni bei ileile. Friji ni lazima, na si friji tu: nafasi ya trei nzima iliyolala sawasawa. Pima kabla hujakanda. Wengi wameshasimama na trei mkononi saa nne usiku wakitafuta pa kuhamishia sufuria la maharage. Funika mara mbili, maana donge linashika harufu ya kitunguu na samaki upesi sana, na pasipofunikwa linaota ngozi ngumu inayozuia roli kupanda.

Makosa. Inasamehe sana upande wa saa, ukichelewa kuamka kwa saa moja hakuna kilichoharibika. Haisamehi haraka ya asubuhi. Roli zikiingia kwenye moto zikiwa bado za baridi katikati, nje zitaiva na ndani utakuta unga mbichi umejificha kwenye mkunjo wa mwisho. Mwenye kipimajoto cha kupikia achome katikati ya roli ya kati: nyuzi 88 hadi 90, zimeiva.

Inamfaa mwenye wageni wa asubuhi, anayefanya kazi mchana na kupata nafasi usiku, anayeuza na kutaka kupeleka za moto saa mbili, na mtu yeyote wa pwani ambaye siagi imeshamchuruzikia mara moja akachukia.

## Njia ya tatu: beking pauda, bila hamira

Unga gramu 375 (vikombe vitatu), beking pauda vijiko vinne vya chai, sukari vijiko viwili vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi ya baridi gramu 85, maziwa ya baridi mililita 220. Zinatoka roli 9, na mjazo upunguze robo. Siagi unaipekecha kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ifanane na makombo ya mkate, unamimina maziwa, unakusanya kwa mwiko. Hukandi. Ukikanda zinakuwa ngumu.

Muda. Dakika 25 za mikono, dakika 20 za kuoka kwa nyuzi 200. Simu ikilia kwamba shangazi yuko njiani, kwa saa moja roli ziko mezani.

Joto na umeme. Hakuna cha kuumuka, kwa hiyo hali ya hewa haikuamulii saa. Joto linaigusa siagi tu. Pwani iweke friza dakika 20, kisha uiparuze kwa kiparuzio cha karoti. Walio mwinuko mkubwa, kama Nairobi iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, wapunguze beking pauda kwa nusu kijiko, kwa sababu hewa ni nyepesi na roli hupanda haraka kisha zikabonyea katikati.

Ladha na ulaini. Zisilinganishwe na mkate, ni kitu kingine. Hazina nyuzi, zinamumunyika, pembeni zina ukoko wa siagi unaovunjika, karibu na keki kuliko boflo. Wapo nyumbani kwangu wanaozipenda hizi kuliko za hamira, na sibishani nao. Ila ziliwe ndani ya saa mbili au tatu. Kesho yake ni za kuchovya kwenye chai ya maziwa.

Vifaa na gharama. Ndizo rahisi kuliko zote mfukoni: yai halimo, unga ni mchache, gesi inawaka muda mfupi. Lakini zinataka moto mkali tangu dakika ya kwanza, na ndiyo maana kwenye sufuria na makaa hutoka za rangi ya unga na zimekaa chini. Mwenye sufuria peke yake arudi njia ya kwanza.

Makosa. Beking pauda iliyokaa kabatini miaka miwili haifanyi kazi. Tia nusu kijiko kwenye maji ya moto, isipochemka povu itupe. Angalia na mfuko wa unga: ule unaojiumua wenyewe, unaouzwa madukani, tayari una beking pauda na chumvi, na ukiongeza nyingine utasikia ulimi unakunja. Zikishakatwa ziingie jikoni mara moja, nguvu ya beking pauda inaanza pale inapokutana na maziwa.

Inamfaa mwenye saa moja tu, anayeoka na watoto wadogo wasioweza kusubiri, anayeogopa hamira na anataka kuanza mahali, na mwenye watu wachache watakaozimaliza papo hapo.

## Krimu ya juu, au bila krimu

Hili nalo huwakwamisha watu, kwa hiyo nitalipitia. Roli zenye krimu nzito nyeupe ni desturi ya Marekani, na duka la kwanza la Cinnabon, lililosaidia kuzieneza duniani, lilifunguliwa karibu na Seattle mwaka 1985. Sweden, ambako roli ya mdalasini ina siku yake kila tarehe 4 Oktoba tangu 1999, hawaweki krimu kabisa. Hunyunyiza chenga kubwa za sukari juu, na ndani ya donge wanatia iliki, kama sisi kwenye mahamri. Nilipoijaribu hiyo, iliki ya kupondwa kijiko kimoja cha chai kwenye donge la njia ya pili, sikuona haja ya krimu siku hiyo.

Ukitaka krimu, kuna tatu za kufikiria. Ya jibini laini ndiyo maarufu: jibini gramu 115, siagi gramu 60, aisingi shuga gramu 120, vanila, chumvi chembe. Uchachu wake unakata utamu, na ndiyo ninayoipenda. Ni ghali, haipatikani kila duka, na kwenye joto hailali nje: saa mbili mwisho, na joto likipita nyuzi 32 saa moja tu. Jibini likikosekana, weka mtindi mzito kwenye kitambaa safi, tundika ndani ya friji uchuje usiku kucha. Asubuhi utakuta kitu kizito cheupe kinachosimama kwenye kijiko. Kichanganye kwa kijiko na aisingi shuga iliyochekechwa, usikipige kwa mashine, kitayeyuka.

Ya siagi na aisingi shuga peke yake ni tamu mno kwa ladha yangu, ila watoto huimaliza kwa vidole, na inavumilia meza kuliko ya jibini. Kwenye jua la pwani nayo inateleza.

Ya tatu ni aisingi shuga gramu 150 na vijiko viwili vya maziwa au maji ya ndimu, unaikoroga mpaka idondoke kwa uzi mnene. Ni rahisi, haihitaji friji, inakauka juu ya roli na unaweza kuzifunga kwenye boksi. Ndimu naisisitiza, bila yake ni sukari juu ya sukari.

Ya jibini na ya siagi zipakwe roli zikiwa vuguvugu, dakika 10 hadi 15 baada ya kutoka jikoni. Zikiwa za moto krimu inakuwa mchuzi. Ile ya ndimu subiri zipoe zaidi kama unataka mistari myeupe ionekane.

## Uchague kwa hali yako

Wageni wa asubuhi, friji ipo na umeme umetulia: zilaze usiku. Umeme hauaminiki: usiku andaa mjazo na upime unga, uamke mapema ukande siku hiyohiyo kwa gesi au makaa.

Futari au chai ya jioni: njia ya kwanza, anza baada ya adhuhuri. Pwani, ukianza saa saba unamaliza saa kumi bila kukimbizana.

Unauza au unapeleka ofisini: zilaze usiku, tia uji kwenye donge, na juu tumia ya ndimu kwa sababu itafika salama kwenye boksi. Ya jibini iweke pembeni kwenye kikopo chenye mfuniko, kila mtu apake mwenyewe.

Una sufuria na makaa tu: hamira, siku hiyohiyo, trei ndogo ya roli 6 au 7, na makaa mengi yawe juu.

Hujawahi kuoka hata mara moja: sikulazimishi kuanzia kwenye beking pauda. Kama unaogopa hamira, anza na beking pauda. Kama unapika maandazi kila wiki, ruka hapo, mkono wako umeshajua donge linavyotakiwa kuwa.

Uko Njombe, Limuru au kokote kwenye baridi na unataka za siku hiyo: weka donge ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto, ufunge mlango. Utaokoa karibu saa nzima.

Mdogo wangu yuko Iringa. Friji alikuwa nayo, umeme wiki ile ulikuwa umetulia, jibini hakuwa nalo ila mtindi ulikuwepo. Nilimwambia akande usiku uleule, atundike mtindi kwenye kitambaa, na asubuhi azitoe roli saa moja na nusu, si saa mbili na robo kama ningefanya mimi. Saa nne kasoro dakika 10 alinitumia picha: trei nzima ya rangi ya kahawia, krimu imeanza kuteleza pembeni kwa sababu hakusubiri zipoe, na roli ya katikati imeshaliwa.